Nani anaandika majina ya vibarua? Kuzuia unyanyasaji wa kingono kwenye vituo vyetu vya kuosha kahawa



Kwa kawaida katika gazeti hili tunaandika juu ya kupogoa, mboji na bei ya parche. Mara hii tunaleta jambo lingine, na tunaomba msiruke ukurasa. Jambo hili lilitufikia kupitia kahawa yenyewe.

Msimu mmoja, kwenye kituo kimoja cha kuosha kahawa kando ya ziwa Kivu (jina la kituo tunaliacha), ubora wa parche ulianza kushuka katikati ya mavuno. Punje zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zenye madoa, zote zilipita mezani mpaka kwenye mifuko. Sisi tulifanya kile tulichosomea. Tulipima unyevu. Tuliangalia kama kahawa imetandazwa nene kupita kiasi. Tulirudia somo la kuchagua parche ingali na maji, kwa sababu ikishakauka makosa mengi hayaonekani vizuri tena. Wiki tatu tulirudia somo lile lile na hakuna kilichobadilika.

Siku moja tulikuwa tumekaa chini ya turubai kungoja mvua ipite. Mama mmoja mzee, ambaye amechagua kahawa kabla sisi hatujaingia shule, akatuambia taratibu: «Papa agronome, unafundisha bure. Wenye walijua kuchagua hawako tena hapa.» Tukamuuliza wamekwenda wapi. «Tangu ule kapita mupya alikuja, anaandikaka majina mangaribi, kwake nyumbani. Mama mwenye akili haendake kule. Basi asubui jina yake haiko.»

Ile orodha ya majina ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye mlango wa depo. Tulikuwa tunapita mbele yake kila asubuhi na mizani yetu na vifaa vyetu vya kupimia unyevu, na hatukuisoma hata mara moja. Tulipofungua kaye ya mwezi wa tatu na kuilinganisha na ile ya mwezi wa tano, tuliona zaidi ya nusu ya mama tuliowafundisha kuchagua walikuwa wametoka. Nafasi zao zilichukuliwa na wasichana ambao hawakuwahi kushika parche mkononi. Baadhi yao walikuwa na umri ambao hawakupaswa kuwa pale hata kidogo.

Tulikuwa na aibu, tuseme ukweli. Tangu siku ile, mafunzo tunayoleta kwenye koperative kabla ya mavuno yana siku moja zaidi, na siku hiyo hatuzungumzi juu ya kahawa.

Tunazungumzia kitu gani

Watu wakisikia neno «unyanyasaji wa kingono» wanafikiri mara moja juu ya ubakaji na watu wenye silaha. Katika nchi yetu tuna sababu ya kufikiri hivyo. Lakini jambo tunalosema hapa ni lingine, na lenyewe halifanywi na mtu anayetoka porini. Linafanywa na mtu mnayemjua, anayekula pamoja nanyi, labda aliyechaguliwa na mkutano mkuu. Ni mtu ambaye anashika kitu unachohitaji: mizani, orodha, ufunguo, pesa ya siku, miche, ao sahihi. Naye anakufahamisha, kwa maneno ao kwa macho ao kwa mkono, kwamba kitu hicho utakipata kwa urahisi ukimpa mwili wako, na kwa taabu ukikataa.

Sheria yetu inakijua kitu hiki tangu zamani kidogo. Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 iliingiza katika kode penal kifungu cha 174d. Kifungu hicho, kama kilivyoandikwa mwaka 2006, kilimgusa mtu mwenye tabia ya kurudia-rudia kumsumbua mwenzake kwa maneno, kwa ishara, kwa amri, kwa vitisho, kwa kumlazimisha, ao kwa kutumia vibaya mamlaka ya kazi yake, ili apate kwake mambo ya kingono. Adhabu iliyowekwa wakati ule ilikuwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 12, na faini ya faranga 50.000 mpaka 100.000 zenye thamani isiyobadilika, ao moja kati ya hizo mbili. Kifungu hicho kilisema pia kwamba hakuna kesi bila mashtaka ya yule aliyeteswa mwenyewe. Maana yake koperative haikuweza kwenda parke mahali pake. Lakini pia haina haki ya kumzuia asiende.

Kumshika mtu mwili kwa nguvu, hata mara moja tu, ni kosa lingine katika kode hiyo hiyo, halihitaji kurudiwa. Na mtoto aliye chini ya miaka 18, sheria haihesabu «alikubali» yake. Kapita akisema «lakini yeye mwenyewe alikuja», kwa mtoto jibu hilo halimsaidii kitu.

Kuna wanaotuambia: hao ni vibarua tu, sheria ya kazi haiwahusu. Si kweli. Kode ya kazi ya mwaka 2002 inasema kibarua wa siku kwa siku ambaye ametimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiandikwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Mama wengi wanaochagua kahawa kwenu wanapita siku hizo 22 bila mtu yeyote kuwahesabia. Hata mkataba wa kimataifa nambari 190 juu ya manyanyaso kazini, uliopitishwa Geneva mwezi wa 6 mwaka 2019, unamtaja mpaka mtu anayejifunza kazi na mtu anayetafuta kazi, na unahesabu mpaka njia ya kwenda na kurudi kazini. Walioandika mkataba ule walijua kwamba mambo mengi huanzia pale mtu anapoomba kazi, si pale anapoifanya.

Punje za mahindi

Kwenye mafunzo hatuanzi na sheria. Tunaanza na kijiti na udongo. Tunachora kituo chini: hapa mizani, hapa mashini ya kumenya, hapa matangi, meza za kukaushia, depo, biro, choo, njia ya kwenda kijijini. Wanaume wanafanya peke yao upande mmoja, wanawake upande mwingine pamoja na wanawake wa timu yetu, sisi wanaume tunatoka kabisa. (Mwanzoni hatukutoka. Tulikuwa tunasimama pembeni na kalamu, na mama wote walitujibu kwamba kila kitu kiko sawa.) Kila kundi linapewa punje za mahindi. Tunasema: weka punje mahali ambapo mwanamke anaweza kusumbuliwa.

Mara nyingi wanaume wanajaza punje zao njiani, msituni na kwenye barabara. Wanawake wanaweka kidogo njiani, halafu wanajaza depo, choo kisicho na mlango, nyumba ya kapita, meza ya malipo, na mizani. Tunapowaita wanaume waje kuangalia mchoro wa wanawake, kunakuwa kimya. Kwenye koperative moja baba mmoja aliangalia zile punje kwenye mizani, akauliza: «Hata hapa? Mbele ya watu wote?» Mama mmoja akamjibu: «Njo hapa kabisa. Pale watu wote wanacheka.»

Tunapenda sana zoezi hili kwa sababu hakuna anayetajwa jina. Punje inakaa mahali, haikai juu ya mtu. Lakini kila mmoja anajua nani hufanya kazi mahali hapo.

Halafu tunaleta visa vya kujadili, na hapo ndipo mafunzo yanapochukua saa nyingi. Tutaje viwili vitatu.

Mwenye mizani anapokea kahawa nyekundu kwa mama mmoja na kusema kwa sauti juu ya mwili wake, kwamba ungepimwa huo ungeleta kilo nyingi zaidi. Mstari wote unacheka. Mama naye anacheka. Kesho anasema tena, na kesho kutwa. Je, ni unyanyasaji? Wanaume wengi wanasema hapana, ni mchezo, yeye mwenyewe alicheka. Tunawauliza wanawake: mbona alicheka? Majibu yanakuja haraka. Alicheka kwa sababu kahawa yake bado iko juu ya mizani. Alicheka kwa sababu kama anakasirika, kilo mbili zitapotea. Alicheka kwa sababu shemeji yake yuko kwenye mstari na hapendi habari ifike nyumbani. Kucheka kwa mtu anayengoja kupimiwa si jibu la kuamini.

Kisa kingine. Kijana wa mashini ya kumenya anamwomba msichana wa mezani wanywe soda pamoja siku ya Mungu. Msichana anakataa. Siku ya kwanza kijana anamsalimia kama kawaida, na kazi inaendelea. Hapa hakuna unyanyasaji, na tunasema hivyo wazi, kwa sababu kila mara kuna baba anayesimama na kuuliza: «Sasa hata kusalimia mwanamke itakuwa kosa? Vijana wataoa namna gani?» Wataoa, papa. Wengi wetu tulipata wake zetu kazini ao shuleni. Lakini tunaongeza: kijana yule yule akifanywa kapita mwezi ujao, kisha akarudia kumwomba msichana yule yule, kisa kimebadilika. Maneno ni yale yale ya soda. Kilichobadilika ni kwamba sasa msichana akisema hapana anaweza kupoteza siku yake ya kazi, na wote wawili wanajua hivyo. Ndiyo sababu tunasema mtu mwenye orodha mkononi asimwombe mtu aliye kwenye orodha hiyo. Akimpenda kweli, aache kwanza kushika orodha.

Kisa cha tatu kinahusu agronomu. Anampakia mjane kwenye pikipiki kumrudisha kwake, na njiani anamwambia kwamba miche mwaka huu ni michache, lakini «tutazungumza». Tunakileta kisa hiki kwa makusudi, na tukikisoma watu wanatuangalia sisi usoni. Ni vizuri watuangalie. Sisi tunatoka shule ambamo wanafunzi wa kike walijua kabisa mwalimu gani haoni pointi kwenye karatasi mpaka azione chumbani, na sisi wavulana tuliimbia jambo hilo nyimbo za mzaha badala ya kulisema. Mtu anayetoka pale na diploma hafiki kijijini akiwa mtakatifu kwa sababu ya buti za kazi na fulana ya shirika.

Tusisahau pia vijana wa kiume. Kwenye mafunzo mawili walituambia, baada ya watu kutawanyika, juu ya mambo waliyofanyiwa na wasimamizi. Hawakusema mbele ya wengine na hatukuwalazimisha.

Kumfundisha mwanamke kukataa haitoshi

Zamani kidogo tulikuwa tunafundisha wanawake: sema hapana kwa sauti, tembea wawili wawili, mwambie mtu unayemwamini. Si mabaya. Lakini yule mama mzee wa chini ya turubai angetuambia kwamba wale waliotoka kwenye orodha walisema hapana vizuri kabisa. Hapana yao ndiyo iliyowaondoa. Kama mtu mmoja peke yake anaandika orodha, tena usiku, tena nyumbani kwake, hapana ya mama inamgharimu mama na haimgharimu kapita kitu.

Kwa hiyo sasa tunatumia muda mwingi zaidi kupanga upya kazi yenyewe, mahali pale ambapo wanawake waliweka punje. Tunawaeleza mambo ambayo koperative kadhaa zimejaribu.

Orodha ya vibarua inaandikwa kwa zamu, kwa namba, na watu watatu ambao angalau mmoja wao ni mwanamke asiye wa familia ya kapita wala ya prezida. Inapigiliwa kwenye mlango wa depo saa sita mchana kwa ajili ya kesho yake. Nakala ya pili inabaki ndani ya kaye. Kapita hana ruhusa ya kufuta jina. Kama mtu anaondolewa, sababu inaandikwa pembeni ya jina, na yeye anasomewa.

Makapita wametulalamikia kwamba zamu inaleta wavivu. Hoja hiyo ina uzito na tusiidharau, maana parche mbaya inatupunguzia bei sote. Jibu letu ni kupima kazi, si kupima uso. Mwisho wa siku inachukuliwa sampuli kutoka meza ya kila mmoja, punje mbaya zinahesabiwa mbele yake, namba inaandikwa. Anayeshindwa mara tatu anapoteza zamu na kurudi kwenye mafunzo. Kituo kimoja kilipoanza hivyo, kiligundua kwamba wavivu wawili wakubwa walikuwa marafiki wa kapita.

Kwenye mizani, kilo zinasomwa kwa sauti na kuandikwa kwenye vikaratasi viwili, kimoja kinabaki kwa mwenye kahawa. Malipo yanafanyika nje, mchana, na watu wawili mezani, kila mmoja akiweka kidole ao sahihi. Mama akiambiwa «pesa yako utakuja kuchukua mangaribi, sasa chenji haiko», hilo linaandikwa ndani ya kaye kama kosa la mlipaji, hata kama chenji kweli haikuwapo. Atafute chenji mapema.

Choo kipate mlango na komeo la ndani. Hilo ni mbao tatu na misumari, na bado ni jambo linalosahauliwa kila msimu. Wakati kahawa ni nyingi na mashini inafanya kazi usiku, hakuna mwanamke anayebaki peke yake kwenye matangi na mtu mmoja. Wanaorudi kijijini wanarudi kwa kundi, na taa ni ya koperative. Miche na mbegu zinagawanywa kwa orodha iliyosomwa mbele ya mkutano, si kwa mazungumzo ya njiani.

Haya yote yaandikwe katika sheria za ndani za koperative na kupigiwa kura na mkutano mkuu. Sheria ya OHADA ya koperative ya mwaka 2010 inampa kila mwanachama sauti moja, awe na miti 50 ao 5.000. Wanawake wengi wanapeleka kahawa kwa jina la mume na hawana sauti hiyo. Hilo ni jambo lingine la kurekebisha, tutarudi kwake katika toleo lingine.

Mtu akija kukuambia

Kila koperative tunaiomba ichague watu wawili wa kusikiliza, mwanamke na mwanaume, wasiokuwa ndani ya komite. Siku ya mafunzo tunawazoeza hao kwa kuigiza, na makosa ni yale yale kila mahali. Wa kwanza anauliza: «Ulivaa namna gani?» Wa pili anakimbia kwa prezida. Wa tatu anaita wazee, mshitakiwa na mama wakae pamoja «wapatane».

Kazi ya msikilizaji ni kusikiliza mahali pa faragha, bila kuuliza kwa nini, kisha kumwuliza mama mwenyewe anataka nini kifanyike. Asiahidi ambacho hakiko mkononi mwake. Asifanye uchunguzi kijijini. Jina lisitoke kinywani mwake, kwa sababu mama wengi hawamwogopi kapita kama wanavyoogopa nyumbani. «Bwana yangu akisikia, atasema mimi njo nilimuita», mama mmoja alitueleza, na hakuwa anakosea. Tumeona ndoa mbili zikivunjika kwa habari iliyotolewa na mtu mwenye nia njema.

Tuliwahi kuleta masanduku ya mbao yenye tundu, ili watu watie barua za malalamiko. Sanduku moja liliwekwa mbele ya biro ya prezida. Baada ya miezi sita tulilifungua, tukakuta ganda la pipi. Mama wengi hawaandiki, na anayeandika hatatia barua mbele ya macho ya mtu anayemlalamikia. Siku hizi tunategemea zaidi wale watu wawili, na namba ya simu iliyo kwenye ubao wa kituo, ambayo inapokelewa na mtu asiye wa mkoa wenu.

Ikiwa kilichotokea ni ubakaji, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza kabla ya saa 72 kwisha, na mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku 5, nayo pia kadiri inavyotolewa mapema. Mama aende kituo cha afya kabla ya kuoga kama inawezekana, na nguo ziwekwe ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Asingoje kwanza mkutano wa wazee. Kutoka kituo cha afya anaweza kutumwa hospitali kubwa zaidi. Kwa walio karibu na Bukavu, Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana na wote kwa kazi hiyo. Kutibiwa hakumlazimishi kushtaki. Ataamua baadaye.

Juu ya mbuzi na kreti ya bia: tunajua desturi, na tunajua kwamba mara nyingi inamaliza ugomvi wa mashamba bila kupoteza siku mjini. Kwa mambo haya haifai. Sheria nambari 06/019 ya siku ile ile ya mwaka 2006 imeondoa uwezekano wa kumaliza makosa ya kingono kwa faini ya kupatana. Tena mbuzi huyo hupewa baba ao mume. Mama mwenyewe kesho anarudi kwenye mizani ile ile.

Kuna jambo ambalo komite hukosea hata ikiwa na nia nzuri. Ikitaka kuwatenganisha wawili, inamhamisha mwanamke: «wewe nenda kwanza upande wa kitalu mpaka mambo yapoe.» Kitalu kinalipa kidogo. Ahamishwe mwenye mamlaka, si kama adhabu, bali mpaka ukweli ujulikane. Naye asikilizwe pia, mbele ya watu wasiokuwa ndugu zake wala maadui zake. Wanaume wanatuuliza juu ya wanaosingiziwa. Inaweza kutokea, na ndiyo maana hatutaki jina la mtu yeyote lisomwe kwenye mkutano kabla hajasikilizwa. Lakini katika kazi yetu tumekutana na wengi walionyamaza, kuliko waliosema uongo.

Na sisi wenyewe

Msitusikilize kama watu wasafi wanaokuja kuwafundisha wachafu. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, huko Beni na sehemu za jirani, wanawake walisema kwamba waliombwa miili yao ili wapate kazi ya kufagia, kupika ao kuandika majina, na walioomba walikuwa watu wa mashirika. Tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti yake mwezi wa 9 mwaka 2021: ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe. Magari meupe, koti zenye alama, na bado orodha ya vibarua ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, kama kwenye kituo chetu.

Basi mjue: mafunzo, miche, turubai na ziara zetu ni bure. Hakuna agronomu, dereva ao mhasibu wetu aliye na haki ya kudai kitu chochote kwa ajili ya hivyo, wala mwili, wala kuku, wala «shukrani». Mfanyakazi wetu hana ruhusa ya kuwa na uhusiano wa kingono na mtu anayepokea msaada kupitia kazi yake, hata mtu huyo akisema amekubali. Akifanya, tumieni ile namba ya ubaoni. Mtakaposema, miche yenu haitapungua.

Kabla ya mwezi wa tatu

Kile kituo cha mwanzo wa habari hii kilimtoa kapita kwenye orodha, akawekwa kwenye mashini, na mwisho wa msimu aliondoka mwenyewe. Hakuna mama aliyetaka kushtaki. Tuliheshimu, ingawa wengine kati yetu bado wanajiuliza. Baadhi ya mama walirudi mezani, wengine hapana.

Mwaka huu, pamoja na turubai za kukaushia, kila kituo kitapokea kaye mbili za orodha zenye karatasi za nakala, moja ya depo na nyingine ya wale watu watatu. Tarehe ya mafunzo mtaambiwa na prezida wenu. Wanawake waje na wasichana wao wakubwa, na makapita wote bila kukosa.

Juma lililopita tulimkuta sokoni mmoja wa wale waliokuwa wachaguzi bora kabisa. Sasa anauza ndizi. Tulimweleza juu ya zamu, namba na kaye mbili, tukamwomba arudi. Alipanga ndizi zake kwanza, mkungu kwa mkungu. «Nitapitaka kuangalia mulango ya depo», akasema. «Saa sita, si mulisema saa sita?»